Picha ya Nanzala Akiwa Ureno

Mzazi mwenzangu, kama mtoto wako amekuambia anataka kwenda ng'ambo kusomea kamera, mwache aende. Mimi sikatazi. Lakini kabla hajapanda ndege mshike mkono, mwangalie machoni, umwambie hivi: ukifika huko, kabla hujala, kabla hujalala, simama mbele ya kitu ambacho hakiko Kenya, umpe mtu simu akupige picha. Uso uonekane. Miguu pia ionekane. Halafu uitume. Usipomwambia hivyo yatakupata yaliyonipata mimi, na mimi yamenichosha kabisa.

Mimi ni fundi wa sweta za shule hapa mtaa wa West Indies, Eldoret. Masomo niliachia darasa la saba, kwa hivyo mkiona mahali nimeandika vibaya mnisamehe, mwendelee kusoma. Mashine yangu ya kufuma iko kwenye veranda, na kila anayepita anaketi kidogo ananipasha habari. Hata habari ya mtoto wangu mwenyewe niliipata hapo hapo kwa mashine, kama ya mtu mwingine. Nitafika hapo.

Nanzala ndiye kifunguamimba wangu. Yuko chuo pale Chepkoilel, anasomea mambo ya udongo. Udongo nilielewa. Baba yake, Mulongo, ni karani kwenye maghala ya nafaka, naye alielewa. Halafu akaanza kutembea na kamera ya kuazima shingoni, na maneno ya udongo yakaisha kinywani mwake. Siku moja akaja akatuambia amechaguliwa na chuo kimoja cha Ureno kwa kozi ya likizo, wiki sita, afundishwe kupiga picha za magazeti na picha za maisha ya watu.

"Ureno ndio wapi?" nikauliza.

"Portugal, Mama."

"Ile ya mpira," Mulongo akanieleza, akarudi kwa redio yake.

Wanaiita kozi ya summer. Hiyo summer ni yao. Huku kwetu ilikuwa ile Julai ya nguo kukataa kukauka.

Chuo cha huko kilisema kitamlisha na kumlaza, lakini tiketi ya ndege tujitafutie. Tukapeleka maneno kanisani, kanisa likafanya harambee. Walikuja wauza mboga, wakaja walimu, wakaja mafundi wa jua kali na mafuta mikononi. Hata Mama Edwin alitoa, na akahakikisha kila mtu amemwona akitoa. Huyu Mama Edwin ni jirani yangu, jina lake Jepkosgei, na Edwin wake ni mkimbiaji.

Labda wewe unayesoma uko mbali na hujui. Hapa Eldoret ng'ambo si hadithi. Karibu kila mtaa una mtu aliyeenda kukimbia huko akarudi, na akirudi lazima kuwe na picha. Edwin alikimbia Ujerumani mara moja, hata hakumaliza na wale wa mbele, lakini picha yake iko ukutani kwa mama yake, kubwa kama mlango. Amesimama kwenye theluji, amekumbatia simba wa shaba, nyuma kuna mnara. Ukiingia nyumba hiyo unaangalia picha kwanza ndipo unapewa kiti. Na mtu akiwa amechangiwa, akirudi kunafanywa maombi ya shukrani, wale waliotoa wanaonyeshwa alikofika. Kila mmoja anajiona pale. Anasema moyoni, ile shilingi yangu ndiyo hiyo imesimama na simba.

Mimi nilitaka kitu hicho kimoja tu. Watu waliotoa waone kwa macho kwamba mtoto alifika. Nilikuwa naomba kitu kikubwa?

Alipofika akanipigia kwa WhatsApp. Nikaona uso wake, mimi na majirani walioketi kwangu, na nyuma yake ukuta mweupe.

"Toka nje nione," nikamwambia.

"Nje wifi haishiki, Mama."

"Basi tuma picha. Wewe ukiwa umesimama mahali."

"Tumekatazwa."

"Na nani?"

"Mwalimu wetu. Amesema wiki hizi zote hakuna mtu kujipiga. Anasema mpiga picha akizoea kujiangalia mwenyewe hataona wengine."

"Huyo mwalimu ana mama?"

"Mama, mwalimu ana miaka sabini."

"Ndiyo maana! Hana mtu wa kumwomba picha!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwomba tena wiki iliyofuata, nikamwomba na iliyofuata. Nikamuuliza, kwani hamjapiga hata ya wote pamoja, kama vile watu hupiga? Akasema imepigwa. Nikamwambia itume. Ikaja. Nikavaa miwani, nikahesabu wazungu wote, nikaona Mhindi mmoja na msichana mwingine mweusi ambaye si wangu.

"Wewe uko wapi hapa?"

"Mimi ndio nilikuwa napiga."

"Nanzala! Si hapo nyote ni wapiga picha? Ilikosekana mkono mwingine?"

"Nilijitolea, Mama."

Alijitolea. Nilizaa mtu wa kujitolea. Mwisho, baada ya kumsumbua sana, akamwambia mwenzake ampige akiwa kazini, ikatumwa. Ni msichana ameinama, ameshika kamera usoni, na kamera imekula uso wote. Kilichobaki ni mikono na kilemba. Nilipowaonyesha akina mama kanisani, mmoja akaniuliza kwa upole kama huyo ni mtu wa Senegali.

Basi nikiwa kwa mashine, nafuma sweta ya kijani, nimefika kwapani, Mama Edwin akaja akaketi.

"Mtoto anaendeleaje huko?"

"Yuko sawa. Yuko Ureno."

"Eeh. Tuliona ukuta."

"Ukuta gani, Mama Edwin?"

"Ule wa kwa simu. Mweupe. Ni msafi sana." Akaangalia barabarani. "Hata dispensari ina ukuta mweupe."

"Unasema nini?"

"Mimi sisemi. Watu ndio wanasema. Si dada ya Mulongo anakaa Webuye? Mimi nimewaambia wanyamaze. Msichana yeyote anaweza kupata shida. Akienda kwa shangazi polepole, ajifungue vizuri, arudi masomoni, kuna ubaya gani? Ni hiyo harambee tu ndio inawauma."

Niliharibu safu nzima ya ile sweta. Mtoto wangu nilimsindikiza mwenyewe uwanja wa ndege. Nilimwona akipanda. Lakini ndege ya hapa inafika Nairobi tu, na Mama Edwin hakuchelewa kunikumbusha kwamba Nairobi kuna basi za kurudi magharibi, hadi Webuye, asubuhi na jioni.

Nanzala akarudi. Alikuwa amenenepa mashavu kwa mkate na jibini, na hilo pia, kama mnavyojua watu, halikutusaidia. Nikampikia, akala, kisha nikamwambia sasa toa hizo picha. Akafungua kompyuta. Mulongo akaja akasimama nyuma yetu.

Picha ya kwanza ilikuwa mikono inapukuchua mahindi. Ya pili, mahindi. Ya tatu, gamubuti mbili za mvua mlangoni, moja imeanguka. Ya nne, stoo ya mahindi imesimama kwa miguu ya mawe. Ya tano, kuku. Na zote hazina rangi. Nyeusi na nyeupe, kama picha za kitambulisho cha baba yangu.

"Hii mahindi imekauka vizuri," Mulongo akasema.

"Nanzala," nikasema, "ulipanda ndege mbili, kanisa likatoa, ukaenda kupiga mahindi? Hapa tumezungukwa na mahindi mpaka mlangoni!"

"Mwalimu alisema tutafute kitu tunachokijua ili tukione vizuri. Nikapata nyanya mmoja kijijini anapukuchua na mkono kama Kukhu, nyanya yangu mwenyewe. Lugha yake siijui. Nilikuwa nakaa naye tu, napukuchua, halafu napiga kidogo, napukuchua."

"Na uso wake uko wapi? Hata uso wa mzungu ungetusaidia!"

"Mzee wake alikuwa amefariki. Alikuwa kwa matanga. Alikataa uso upigwe mpaka matanga yaishe."

Hapo sikuweza kubisha. Mtu wa matanga ni mtu wa matanga, hata awe mzungu. Lakini niangalieni hali yangu. Ilikuwa imebaki wiki moja tufanye maombi ya shukrani, na mimi nina gamubuti na kuku. Pasi yake ya kusafiria ina mihuri, ndiyo, niliiona. Lakini mtu atazunguka nyumba kwa nyumba akifungua pasi kama askari wa msako?

Ndipo nikaenda kwa Wabuge.

Wabuge ana studio karibu na soko. Hupiga picha za harusi, za mahafali, na za marehemu zile za kubeba mbele ya jeneza. Nikampa picha ya Nanzala ya harusi ya binamu yake, amesimama wima, anaangalia mbele, uso wote unaonekana. Mtoto mzuri.

"Tumpeleke wapi, Mama?" Wabuge akauliza, anabofya kompyuta. "Dubai ninayo. Paris ninayo. Hapa kuna Niagara, maji mengi sana."

"Ureno."

"Ureno sina. Lakini mnara ni mnara, Mama. Nani atauliza mnara jina?"

"Basi weka mnara. Na theluji."

"Theluji kiasi gani?"

"Kama ile ya Edwin."

Aliijua. Mji mzima unaijua. Akamwaga theluji. Akarudi nyuma kwa kiti, akaangalia, akasema, "Gauni ni la mikono mifupi. Atasikia baridi."

"Mvalishe koti."

"Koti nililonalo ni la mwanaume."

"Wabuge, valisha mtoto koti."

Ikatoka vizuri sana. Nawaambia ukweli, nilipoiona kwenye fremu nilitaka kulia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa namwona kichwani usiku wote aliokuwa huko, amesimama kwa baridi ya watu na hajui mtu. Nilimwonyesha Mulongo. Akaiangalia mbele, akaigeuza akaangalia nyuma. "Koti ni kubwa," akasema. Hakusema lingine. Mulongo ni mtu wa maneno machache, na siku unayoyahitaji ndiyo siku hana kabisa.

Siku ya shukrani tuliweka tenti uwanjani kwetu nyumbani. Mvua ilikuwa inanyunyiza. Nanzala alifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akaning'iniza zile picha zake kwa vibanio vya nguo, kama mtu anayeanika soksi. Watu wakawa wanapita wanaangalia wakingoja chakula.

"Hii si ni kijiji cha Ziwa, hapa karibu?"

"Ziwa kabisa. Hiyo stoo naijua, ni karibu na posho mill ya kusagia unga."

"Na kwa nini haina rangi? Rangi iliisha?"

"Kuku wa Ureno na kuku wa Ziwa ni ndugu."

Walicheka. Nanzala alikuwa anasimama kando ya kila mmoja anaeleza, huyu ni nyanya wa kijiji fulani, hapa alikuwa anachagua mbegu. Walimsikiza kwa adabu, vile unavyomsikiza mtoto ambaye unajua anadanganya na mamake yuko karibu. Mama Edwin aliinama kwa ile ya mikono, akakaa hapo muda. "Hii mikono ni ya mtu wa shamba," akasema, "hiyo nakubali." Yaani mengine yote hakubali.

Mimi nilikuwa nangoja. Pasta alipomaliza kuomba, nikatoka ndani na fremu imefunikwa leso. Nikampa. Akaifunua, akaiinua juu.

Tenti ililipuka. Vigelegele, makofi, mtu akaanza wimbo. Mama Edwin alikuwa wa kwanza kufika mbele. "Kumbe!" akapiga kelele. "Mama Nanzala, kwa nini ulikuwa unatunyima? Ona theluji! Ona vile baridi imeshika mtoto mpaka wakampa koti ya mwanaume!" Akanikumbatia hadi kofia yangu ikaanguka. Watu wakatoa simu wakapiga picha ile picha, wengine wakasimama nayo kama wamesimama na Nanzala mwenyewe. Mzee mmoja aliyetoa kuku wa mnada siku ya harambee alikuja akagusa kioo kwa kidole, akatingisha kichwa, ameridhika. Jamani, niliwaangalia nikasema asante Mungu, imeisha.

Nanzala akasimama. "Pasta, naomba kusema kitu."

Nikajua anashukuru. Nikajipangusa macho.

"Nashukuru sana nyote mlionichangia," akasema. "Lakini hiyo picha si ya kweli. Ureno nilienda, hapo sijawahi kusimama. Imetengenezwa studio hapa mjini. Hata theluji haikuweko, ilikuwa jua la kuchoma. Nawaomba mlioipiga kwa simu mfute, msitume. Zangu ni hizi za kwa kamba."

Akaketi.

Mnajua mvua ikigonga tenti na hakuna mtu anaongea? Ndivyo ilikuwa. Pasta alikuwa bado ameinua fremu, hajui aishushe wapi. Kisha mtu wa nyuma akacheka, na wengine wakashika. Mama Edwin aliichukua ile fremu mikononi mwa Pasta taratibu, akailaza mezani kifudifudi kando ya sahani.

Nilikimbia ndani nikaleta pasi. Niliifungua hapo mbele ya kila mtu, nikaonyesha muhuri wa kuingia na wa kutoka. Mama Edwin hata hakuinama.

"Mama Nanzala," akasema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama ananionea huruma, "kama mmeweza kutengeneza theluji, muhuri utawashinda?"

Chakula hawakususia. Chapati ziliisha zote.

Kesho yake baada ya kanisa, ambako hakuna mtu aliyekaa benchi letu, nilimwita Nanzala jikoni.

"Niambie," nikasema. "Ureno ulienda ama hukuenda?"

"Nilienda, Mama. Si unajua."

"Picha yangu ilisema umeenda. Uongo uko wapi?"

"Hapo sikusimama."

"Hapo, hapo! Walikuwa wameamini jambo la kweli, Nanzala! Umewatoa kwa ukweli ukawarudisha kwa uongo, halafu unaniambia ati mimi ndiye mwongo!"

Aliketi kwa kigoda. Akaniambia huko kulikuwa na kijana, mpiga picha hodari kuliko wote, alifukuzwa kozi. Nikauliza aliiba? Akasema hapana. Alisongeza kiti. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye huyo kijana alikuwa anampiga picha nyumbani kwake, akamwambia mzee asonge na kiti karibu na dirisha ndio mwangaza umshike.

"Kiti tu?"

"Kiti tu."

"Na mzee alikataa?"

"Alikubali. Alifurahi hata."

"Sasa kosa ni la nani?"

"Kila siku mzee huketi gizani, Mama, kando ya kitanda cha mkewe mgonjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yake. Picha ikaonyesha mzee mwenye raha anaota jua."

Huyo mzee nikamwonea huruma. Halafu nikakumbuka benchi letu kanisani, hasira ikarudi.

"Mimi si mgonjwa na sijaketi gizani," nikamwambia. "Nilikuwa naokoa jina lako."

"Nikikubali hiyo moja, Mama, nitakapopiga yoyote mtu ataniuliza, na hii nayo ni ya Wabuge? Nitamjibu nini?"

Nikamtuma akaanue nguo.

Msifikiri yeye alikuwa anafurahi. Chuoni pia habari ilifika, maana siku hizi habari haitembei kwa miguu. Wasichana wa hosteli walikuwa wanamuuliza mtoto anaitwa nani, ananyonya ama amepewa chupa. Jumamosi moja alikuja nyumbani akaosha vyombo vilivyokuwa visafi, na nikaona mabega yanatetemeka. Nikamwambia, Nanzala, hata sasa hujachelewa, waombe wale wazungu wako wampigie Pasta simu, waseme ulifika. Akaniambia akianza kutafuta mashahidi hatamaliza. Akaniambia ati picha zake ndizo shahidi. Picha za kuku! Nilitoka nje nikafuma mpaka vidole vikauma.

Basi hivyo ndivyo tulivyokaa, mpaka mvua zikapungua na watu wakaanza kuvuna. Siku moja mchana nikiwa jikoni nikasikia Mama Edwin anabisha. Hakuwa ameingia kwetu tangu shukrani. Hakuniuliza. Alimuuliza Nanzala, ambaye alikuwa sebuleni anasafisha kamera.

"Wewe bado unapiga picha?"

"Napiga."

"Niko na shida ya fensi."

Kama hamjui, Mama Edwin ana shamba upande wa Soy, amepakana na shemeji yake, ndugu ya marehemu mumewe. Kila mwaka wakishavuna, posti za fensi, zile nguzo za mpaka, zinatembea. Yeye anasema shemeji ndiye anazisongeza, shemeji anasema ni yeye. Wazee wa huko wamekaa na kesi hiyo hadi wamechoka. Mwaka huu wakasema waletewe picha ya mpaka kabla ya kulima na nyingine baadaye. Mama Edwin akapiga zake kwa simu, shemeji akapiga zake, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake alichimbua posti asubuhi, akapiga picha, akarudisha.

"Wazee wanataka mtu mmoja," akasema. "Mtu tutakayekubali wote wawili. Tumegombana juu ya hiyo siku nzima. Mwisho ni shemeji mwenyewe alisema."

"Alisema nini?"

"Alisema, basi leteni yule msichana aliyemwaibisha mamake mbele ya kanisa."

Nilishika sufuria nisije nikaiangusha.

Nanzala aliweka kamera mezani. Kisha akasema, "Mama Edwin, nitapiga vile mpaka uko. Nitatembea wote, mwanzo hadi mwisho. Kama kuna posti umesongeza wewe, itaonekana pia."

"Najua."

"Na sitaitoa kwenye picha."

"Najua, bwana! Ungekuwa wa kutoa ningeenda kwa Wabuge!"

Nilibeba chai nikaingia. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitaiweka mezani nirudi jikoni bila neno. Nikaiweka. Miguu ikakataa kurudi.

"Mama Edwin," nikasema, "niruhusu nikuulize. Huyu mtoto akikuambia posti iko hapa, utaamini?"

"Nitaamini."

"Hata akisema wewe ndiye mwenye makosa?"

"Nitakasirika. Lakini nitaamini. Mtu aliyekataa vigelegele vyote vile, atadanganya juu ya posti ya mwerezi?"

"Sawa. Na akikuambia alienda Ureno?"

Mama Edwin akachukua kijiko. Akaweka sukari, akakoroga, akakoroga tena, akaangalia Nanzala, akaangalia dirisha.

"Hiyo," akasema, "ni mambo yenu ya nyumbani. Mimi nimekuja kwa ajili ya fensi."

Na Nanzala, badala ya kumwambia atoke, akamuuliza kama Jumanne asubuhi ni sawa, maana mwangaza wa Soy asubuhi ni mzuri. Walikunywa chai yangu wakapanga. Mimi nilirudi kwa mashine, na sweta niliyofuma siku hiyo mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, ikabidi niifumue yote.